Kipimo cha jeni za uvimbe wa ubongo wa mtoto: nyota nne, na ile ya tano nimeibana kwa sababu

Naanza na nyota ili mwenye haraka asome aende zake: nne kati ya tano. Huduma yenyewe ni ile ya kuchukua kipande cha uvimbe uliotolewa kwenye ubongo wa mtoto, kukipeleka maabara, wanasoma ndani yake jeni zipi zimewaka na zipi zimelala, alafu wanakuletea ripoti inayosema uvimbe wa mwanao ni wa kundi gani na watoto wa kundi hilo huwa wanaendaje. Wataalamu wanaita usemi wa jeni. Sisi alifanyiwa binti yetu, alikuwa na miaka saba wakati huo, uvimbe unaitwa meduloblastoma, na naandika kwa sababu siku zile nilikesha na simu natafuta mzazi mmoja tu aliyepitia hiki kipimo anieleze kikoje na kinasaidia nini, sikumpata. Nilikuta makala za madaktari tu, nikazisoma hivyohivyo na kamusi pembeni hadi nikaanza kuzielewa. Kwaiyo hii ni ya yule atakayekuwa macho saa nane usiku kama mimi.

Ilivyoanza kwetu ni vile inavyoanza kwa wengi, kichwa kumuuma asubuhi, anatapika alafu anajisikia nafuu anataka kwenda shule, baadae akaanza kuyumba akitembea, akishuka ngazi anashika ukuta. Kupiga MRI wakaukuta umekaa kwenye ubongo mdogo, kule kisogoni. Akafanyiwa upasuaji, ukatoka karibu wote, na baada ya hapo binti yangu hakusema neno kwa siku 11. Anakuangalia, machozi yanatoka, mdomo haufunguki. Hii waliniambia inampata karibu mtoto 1 kati ya 4 wanaotolewa uvimbe sehemu ile na sauti huwa inarudi pole pole, ila kabla hujaambiwa unaona kabisa kwamba umempoteza. Siku ya kumi na mbili akasema "maji". Basi, neno moja.

Nataja haya kwa sababu kipimo ninachokisifia hapa kilikuja katikati ya hali hiyo, si mezani na kikombe cha chai, na huduma yoyote ya watoto wagonjwa lazima ipimwe kwa namna inavyomkuta mzazi akiwa hajalala.

Kitanda cha jirani kulikuwa na kijana wa miaka tisa, uvimbe uleule, mahali palepale, upasuaji wiki ileile. Majibu ya hadubini yakatoka yanafanana, karatasi zetu mbili ungeziweka pamoja ukaziba majina usingejua ipi ya nani: meduloblastoma ya aina ya kawaida, hakuna mabaki makubwa, haijasambaa. Mama yake akaniambia "basi watoto wetu watatembea njia moja", nikaitikia. Kumbe hapana.

Zamani (na sehemu nyingi mpaka leo) madaktari walikuwa wanapanga hawa watoto kwa mambo matatu tu. Je ana chini ya miaka mitatu, je yamebaki mabaki ya zaidi ya sentimita mraba 1.5 baada ya upasuaji, je umeshasambaa kwenye maji ya ubongo au uti wa mgongo. Ukijibu vizuri yote matatu unaitwa hatari ya wastani, ukikosa moja unaitwa hatari kubwa na tiba inakuwa nzito zaidi. Tatizo ni kwamba ndani ya kundi la wastani kuna watoto walikuwa wanarudiwa na ugonjwa na wengine kundi la hatari kubwa wanapona kabisa, na hakuna aliyejua kwanini, maana kwenye hadubini wote ni seli ndogo za bluu zilizobanana.

Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1994, watu wa Boston waliona kwamba uvimbe wenye jeni moja inaitwa TrkC ikiwa imewaka sana, watoto wake wanaishi zaidi. Jeni moja. Alafu Januari 2002 timu ya Scott Pomeroy na Todd Golub hukohuko Boston wakatoa kwenye jarida la Nature kazi ambayo ndio mama wa hivi vipimo vyote. Walichukua chipu zenye uwezo wa kusoma jeni karibu 6,800 kwa mpigo, wakapitisha sampuli za watoto wenye meduloblastoma 60 ambao tayari ilijulikana nani alipona nani alifariki, wakaiuliza kompyuta: ukiangalia jeni tu, unaweza kuwatenganisha? Mfano wao wa jeni 8 ukapatia watoto 47 kati ya 60. Waliotabiriwa vizuri, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitano, waliotabiriwa vibaya asilimia 17. Na kilichowaka kwa waliopona kinaeleweka hata kwa mtu wa kawaida kama mimi, zilikuwa ni jeni za seli zinazojaribu kukomaa ziwe seli za kweli za ubongo mdogo, wakati kwa waliofariki ziliwaka zile za kugawanyika na za kutengeneza ribosomu, yaani kiwanda cha protini kiko moto mchana na usiku. Uvimbe mmoja bado unakumbuka ulitakiwa kuwa nini na mwingine umeshasahau.

Nilipoisoma hii mara ya kwanza nililia kwa furaha, nikamwambia baba yake tutajua, tutajua. Mara ya pili ndio nikaona wale 13. Kompyuta ilikosea kwa watoto 13 kati ya 60, na hao 13 kila mmoja alikuwa na mama. Nilipomuonyesha daktari wetu zile asilimia akaweka kalamu chini akaniambia, "Mama, hizi ni namba za chumba kizima, hazijui mtoto wako amekaa kiti gani." Ile sentensi ilinisaidia kuliko vidonge vya usingizi, kwa sababu kuanzia hapo niliacha kuuliza kipimo kitasema ataishi au la, nikaanza kuuliza kitatufanya tufanye nini.

Baada ya 2002 timu nyingi zilirudia kazi ile kwa sampuli nyingi zaidi, na cha ajabu ni kwamba mkazo ulihama kutoka kutabiri kifo na uhai ukaenda kwenye kitu cha msingi zaidi, kwamba meduloblastoma si ugonjwa mmoja. Ukiziacha jeni zijipange zenyewe zinaangukia kwenye mafungu manne. Wataalamu walikaa Boston 2010 wakakubaliana, makubaliano yakachapishwa 2012: WNT, SHH (haya mawili ni majina ya njia za mawasiliano ndani ya seli zilizoharibika), Kundi la 3 na Kundi la 4. WNT ni kama asilimia 10 ya wote na watoto wake zaidi ya 9 kati ya 10 wanapona. SHH ni kama asilimia 30, inakaa zaidi kwa watoto wachanga na kwa watu wazima, na ikija pamoja na jeni ya TP53 (ile inayozuia seli zisigawanyike ovyo) iliyoharibika inakuwa mbaya sana. Kundi la 3 ni kama robo, ndio gumu kuliko yote hasa jeni ya MYC, inayosukuma seli zigawanyike, ikiwa imejirudufu. Kundi la 4 ndio kubwa, kama asilimia 35, limekaa katikati, na wavulana ni wengi karibu mara tatu ya wasichana. WHO nao mwaka 2016 wakaingiza mambo ya jeni rasmi kwenye majina ya hizi saratani. Kwaiyo daktari akikuandikia "meduloblastoma" akaishia hapo, mwambie kwa heshima kwamba jina halijaisha.

Sasa kipimo chenyewe tulichofanyiwa. Hakisomi jeni 6,800, kinasoma 22 tu, zilizochaguliwa kwa makusudi na kutangazwa 2012, tano au sita kwa kila kundi, kwenye mashine ya nanoString. Uzuri wake ni kwamba kinaweza kufanya kazi kwenye tishu iliyohifadhiwa kwenye nta, maana RNA (ile barua jeni inaandika ikiwa kazini) inaoza haraka mno na formalini (dawa ya kuhifadhia tishu) inaikatakata vipande vipande, chipu za zamani zilikuwa zinataka tishu iliyogandishwa papo hapo, lakini hii mashine inahesabu vipande vifupi kwaiyo barua iliyochanika bado inasomeka. Kwa ufundi nawapa tano kamili.

Nyota niliyoibana ni ya safari ya sampuli. Kipande cha binti yangu kilitolewa siku ya Ijumaa, kikaingia chote kwenye formalini na kikakaa humo wikendi nzima mpaka Jumatatu mtu alipokikumbuka. Hakuna aliyetenga hata kijipande cha kugandisha. Sitataja hospitali, wale watu waliokoa maisha ya mtoto wangu na upasuaji wao sina la kusema. Lakini kibloku (kijipande cha nta chenye tishu ndani) cha kwanza kilichotumwa maabara kilikuwa na tishu iliyokufa zaidi kuliko uvimbe wenyewe, wakajibu baada ya siku kama kumi kwamba RNA haitoshi, na hilo jibu lilikaa kwenye barua pepe ya mtu mwingine siku tano kabla hatujaambiwa. Nilienda mwenyewe patholojia, idara inayochunguza tishu. Yule dada wa pale alikuwa mtu mwema sana, akanitolea droo, akanionyesha vibloku vya binti yangu, vimeandikwa A1 mpaka A5, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti, nta nyeupe na katikati doa la rangi ya kijivu na waridi kama ukucha. Akaniambia A1 ndio tulituma, huu mweusi mweusi ni sehemu iliyokufa, ilitakiwa itumwe A4. Aliangalia kwa macho tu akajua. Yaani aliyejua alikuwepo siku zote na hakuna aliyemuuliza.

A4 ikatumwa, majibu yakaja siku ya 39 baada ya upasuaji. Na mionzi haisubiri, madaktari wengi wanataka ianze ndani ya wiki 4 hadi 6 hivi, kwaiyo binti yangu alikuwa ameshaanza, siku ya tatu kati ya 30, kavishwa ile barakoa ya plastiki yenye matundu inayofungwa kwenye meza ili kichwa kisitikisike, ambayo aliomba ichorwe masharubu ya paka wakamchorea. Ndio najiuliza mpaka leo, ingekuwa kundi lake ni lile ambalo dozi ingebadilika, tungefanyaje? Kipimo kinachokuja baada ya uamuzi ambao kilitakiwa kiusaidie kimepoteza nusu ya kazi yake, hata kama namba ndani yake ni sahihi.

Linganisha na Uholanzi, mwaka 2023 walitangaza njia yao wanasoma DNA ya uvimbe mtoto akiwa bado amelala kwenye meza ya upasuaji. Walifanya hivyo kwenye operesheni 25, jibu likarudi chini ya dakika 90, na 18 likawa na uhakika wa kutosha. Dakika 90, sisi siku 39. Najua ni teknolojia tofauti na si kila mahali itafika kesho, ila inaonyesha kuchelewa si sheria ya maumbile.

Ripoti ina kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni jina na namba na mstari mmoja: Kundi la 4, na uhakika wa juu. Ukurasa wa pili ndio nilikaa nao muda mrefu, una jedwali la rangi, mistari 22, kila mstari ni jeni moja, nyekundu imewaka bluu imelala, na juu yake wameweka mifano ya yale makundi manne ili ulinganishe. Mistari ya juu kabisa, WIF1 na DKK2 na wenzao, zile za WNT, kwa binti yangu bluu tupu. HHIP na ATOH1 za SHH, bluu. Za Kundi la 3 kuna moja inaitwa NRL ambayo kazi yake halali ni kwenye retina ya jicho, fikiria, jeni ya jicho imewaka kisogoni, hiyo nayo kwake ilikuwa hafifu. Alafu chini KCNA1 na EOMES nyekundu kama makaa. Baba yake alipitisha kidole kwenye ile mistari hakusema kitu. Ni kitu cha ajabu kuona ugonjwa wa mwanao umepigwa picha hivyo, kwa mara ya kwanza niliona tunapigana na kitu chenye sura.

Ukurasa wa tatu ndio siupendi. Umeandikwa kwa lugha ya daktari kwa daktari, aya moja nzito, na katikati yake wametupia kwamba karibu robo tatu au zaidi ya watoto wa Kundi la 4 wanakuwa hai baada ya miaka mitano, bila kusema kwamba hiyo inachanganya waliosambaa na wasiosambaa, waliopewa tiba kamili na wasiopewa. Mzazi atairukia hiyo namba, mtu yeyote angeirukia. Jamani wekeni hata sentensi mbili za kibinadamu kabla yake.

Na kuna kitu hiki kipimo hakioni ambacho nilitegemea kitaona. Kinakwambia kundi, lakini ndani ya Kundi la 4 kinachotenganisha watoto ni kromosomu zaidi kuliko jeni zilizowaka, utafiti wa 2014 ulionyesha wale ambao uvimbe wao umepoteza kromosomu ya 11 wanaenda vizuri sana hata kama ulikuwa umesambaa. Hesabu ya RNA ya jeni 22 haiwezi kuhesabu kromosomu. Ilibidi tuombe kipimo cha pili, cha metilesheni, kile kinachosoma vialama vya kemikali vilivyobandikwa juu ya DNA, na hicho kwa mpigo mmoja kinakupa kundi na picha ya kromosomu zote, alafu DNA ni ngumu kuliko RNA haiozi ovyo. Watu wa Heidelberg Ujerumani walitoa mwaka 2018 mfumo wao uliofundishwa kwa sampuli 2,801 za aina 82 za uvimbe wa mfumo wa fahamu, maabara inapakia data kwenye tovuti yao inapata jibu, na walipoujaribu kwa wagonjwa 1,104 ulibadilisha jina la ugonjwa kwa karibu asilimia 12. Asilimia 12 walikuwa wanakaribia kutibiwa ugonjwa usio wao! Kama hospitali yenu inawapa uwezo wa kuchagua kimoja tu, na mimi nimetumia vyote viwili, chagueni metilesheni. Kama hakipo, hiki cha jeni 22 ni kizuri na msikidharau. Na kama hakipo hata hicho, mpatholojia anaweza kutumia rangi za protini kwenye kioo, beta-katenini na wenzake, kuwatoa WNT na SHH, ila Kundi la 3 na la 4 zitabaki zimechanganyikana.

Sasa mtu ataniuliza, kama dozi ya mwanao haikubadilika, mionzi Grei 23.4 (Grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kichwa na mgongo na nyongeza mpaka 54 mahali pa uvimbe, kemo ileile, nyota nne za nini?

Za hivi. Daktari alipopata ile ripoti alikaa na sisi dakika arobaini akatupangia upya ufuatiliaji. Uvimbe wa SHH ukirudi mara nyingi unarudi palepale ulipotolewa, lakini Kundi la 3 na la 4 ukirudi mara nyingi unarudi kwa kusambaa kwenye utando wa ubongo na mgongo wakati pale kisogoni pako safi kabisa. Kwaiyo MRI ya kichwa peke yake kwa binti yangu ingekuwa kama kufunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi, kila mara tunapiga na mgongo mzima. Na pili, Kundi la 4 lina tabia ya kurudi likiwa limechelewa, wengine hata baada ya ile miaka mitano ambayo watu wanaisherehekea. Awali kwenye faili letu iliandikwa ufuatiliaji wa karibu miaka mitano, daktari akaukata kwa kalamu akaandika kumi. Hayo mawili, wapi pa kuangalia na kwa muda gani, yalitoka kwenye ile mistari myekundu na bluu, na hakuna hadubini ingeyasema.

Na kijana wa kitanda cha jirani? Yeye kipande chake kiligandishwa siku ileile kwa sababu tu upasuaji wake ulikuwa Jumanne asubuhi na watu wa maabara walikuwepo. Majibu yakatoka mapema, WNT. Mama yake alikuja kunionyesha kwenye simu, hakujua kama inafaa kufurahi mbele yangu, nikamkumbatia. Akakumbuka kwamba daktari mpasuaji alilalamika uvimbe wake ulitoka damu nyingi mno, na hilo lina maelezo, WNT inamwaga protini zinazovuruga mishipa ya damu iliyoko ndani yake mpaka inakuwa inavuja, WIF1 ikiwa mojawapo, ileile ya mstari wa juu kwenye ripoti, na kwa sababu mishipa inavuja dawa ya kemo inaingia ndani vizuri kuliko kwenye makundi mengine ambako kizuizi cha damu na ubongo, ule ukuta wa mishipa unaozuia vitu vya kwenye damu kuingia ubongoni, kiko imara. Hiyo inaaminika ndio sababu moja ya wao kupona sana. Kijana akaingizwa kwenye jaribio la kupunguza mionzi, majaribio ya Marekani na Ulaya yameshusha ya kichwa na mgongo hadi Grei 18 kwa WNT wa hatari ndogo, na kila Grei inayopungua ni urefu wake, ni homoni zake, ni uwezo wake wa kusoma na kukumbuka baadae.

Ila hapa wazazi wenzangu naomba mnisikilize vizuri, kupunguza kunafanyika ndani ya jaribio lenye macho ya wataalamu, si kwa mzazi kusoma "WNT" akagoma mionzi. Kule Mumbai India, hospitali ya saratani ya Tata Memorial, walijaribu kwa nia njema kuacha kabisa mionzi ya kichwa kizima na mgongo kwa watoto wa WNT, wakalazimika kusimamisha kwa sababu ugonjwa ulianza kuwarudia. Kundi zuri bado ni saratani.

Kwa mnaokwenda kufanya hiki kipimo, kazi yenu kubwa ni kabla ya upasuaji, si baada. Muulizeni daktari mpasuaji nani atapokea kipande kikitoka na kama kuna sehemu ya kukigandisha, na kama upasuaji ni Ijumaa ulizeni mara mbili. Mpatholojia achague mwenyewe kibloku chenye uvimbe hai. Ulizeni majibu yatatumwa kwa nani, jina la mtu, na namba yake ya simu. Hakuna aliyetuona vibaya tulipouliza, ni vile tu tulianza kuuliza tumechelewa.

Binti yangu sasa ana miaka kumi, anaandika kwa taratibu na mkono wa kushoto unamtetemeka akichoka, anaongea mpaka tunamwomba apumzike. Kibloku A4 kimebaki zaidi ya nusu, nimeomba kwa maandishi kisitupwe, maana vipimo vya leo si vya mwisho na ikitokea haja ya kulinganisha tutakihitaji. Yule dada wa patholojia alinijibu kwa sentensi moja, "Kipo droo ya pili, mama, nimekiwekea karatasi ya njano." MRI inayofuata ni mwezi ujao, kichwa na mgongo mzima.